Sauti Isiyongoja Karibu

Bi Nunu alikuwa ametimiza miezi mitatu kaburini, na bado kila asubuhi aliingia majumbani mwa watu wa Tegeta kuwapa habari za uchaguzi.

Ilikuwa kazi ya Khulud, muuza vitambaa, binti wa kaka yake. Khulud aliona majirani wanavyozipita karatasi za ofisi ya mtaa bila kugeuza shingo. Wengine macho yamechoka, wengine kusoma hawakuwahi. Akafungua namba ya WhatsApp. Ukituma jina la mtaa wako, simu inakujibu kwa sauti: wagombea udiwani ni hawa, kuhusu maji huyu kasema hivi na yule vile, kituo chako cha kura ni hapa. Sauti alimwomba shangazi yake, aliyekuwa akipita mlango kwa mlango kualika watu harusini na kupeleka taarifa za misiba. Mtaa mzima uliijua.

Bi Nunu alirekodi siku sita, amekaa mkekani dukani, simu kaishika mbali kama samaki aliyeoza. Kila ujumbe aliuanza, "Hodi," kisha akanyamaza.

"Shangazi, watu wana haraka. Hicho kimya nikikate."

"Mie siingiagi nyumba ya mtu sijakaribishwa. Waache wajibu."

Wakajibu kweli. Ungepita saluni au jikoni ukamsikia mtu akiiambia simu, "Karibu."

Alipofariki, Khulud hakupata moyo wa kumnyamazisha.

Siku mbili kabla ya kura, mchana, Sesilia muuza chapati wa mlango wa pili aliingia dukani, mikono ina unga.

"Dada Khulud, shangazi yako kaanza kusema mengine."

Akabonyeza simu. "Majirani zangu, kituo cha shuleni kimehamishwa. Nendeni Boko."

Ilikuwa sauti yake, hata kale kakohozi ka mwisho. Sentensi zote za marehemu Khulud alizijua kwa moyo, na hiyo haikuwamo. Tena asubuhi ile ile alikuwa ameiona orodha ya wapiga kura ukutani pa shule.

"Umeipata wapi?"

"Kwenye gurupu la kikoba. Wote wanayo. Mie nishajipanga kwenda Boko."

Khulud akarekodi kwa sauti yake mwenyewe: habari ile ni ya uongo, kituo ni kile kile, shuleni. Majibu hayakukawia. *Wewe na marehemu, tumwamini nani?* Mwingine: *Bi Nunu hajawahi kutudanganya, tangu yuko hai.*

Watu mia tatu waliotumia namba yake wangekwenda kusimama Boko, mbele ya orodha isiyo na majina yao.

Sesilia alikuwa akiurudia ule ujumbe, uso kaukunja. "Kuna kitu kinanikera. Kaniingilia tu. Hata nafasi ya kumkaribisha sijaipata."

Khulud akamtazama. Kisha akarekodi tena, maneno machache: "Shangazi haingii bila hodi. Usikilizeni ujumbe ule upya, halafu mniambie ni nani huyo."

Ilipofika alasiri, hakuna aliyeuliza tena habari za Boko. Siku ya kura foleni ya shuleni ilipita karakana ya seremala. Wazee wawili tu walikwenda Boko, wakarudi na bajaji wakilaumiana, wakawahi.

Aliyeiba ile sauti na kuitungia maneno kwa kompyuta hakujulikana, na angeweza kuiiba tena. Kwa hiyo diwani mpya alipotoa ahadi yake ya mtaro, Khulud aliamua shangazi apumzike. Alifunga mlango wa duka, akakaa mkekani.

"Hodi," akasema, akangoja pumzi tatu, kisha akaeleza habari za mtaro.

Akajisikiliza. Katika kile kimya, chini kabisa, mtu alijibu, "Karibu."

Akafungua mlango kumtazama Sesilia, labda ndiye aliyejibu. Jiko lake lilikuwa limezimwa. Alikuwa amekwenda sokoni tangu asubuhi.

Khulud akarudi ndani, akausogeza mkoba wake kutoka upande wa mkeka aliokuwa akikaa shangazi, na kuutuma ule ujumbe kama ulivyo.