Mama kageuka mhadhiri dukani

Jamani, leo mama yangu katoa mhadhara dukani, na watu wakamwitikia!

Sikio langu la kushoto mnalijua lilivyo. Chuoni nusu ya mhadhara hunipita. Basi leo tukaenda mjini kutafuta kinasa sauti.

Vikawekwa viwili mezani. Kimoja kikubwa, kinang'aa, moyo wangu ushakwenda huko. Kingine kidogo, cheusi, kama kiberiti.

Mwenye duka, mama wa Kihindi mzaliwa wa Tanga hii hii, hauzi kitu bila kukijaribu. Akaviwasha vyote, akamgeukia mama yangu.

"Dada, simama pale mlangoni, sema chochote kama mwalimu."

Sasa mama yangu ni mtu wa Makorora, mtaa wa salamu. Ataanzaje maneno bila salamu?

"Asalaam aleikum!"

Duka zima: "Waaleikum salaam!" Hadi muuza kahawa wa nje kaitikia 😂😂

Mama kaona haya. Akaendelea kwa ile sauti yake ya chini, mimi naona midomo tu.

Tukasikiliza. Kile kikubwa kimenasa feni na waitikiaji. Mama hayumo kabisa!

Kile kidogo nikakisikiliza kwa hedifoni. Kelele zikapita, kisha mama huyu hapa, kama ananinong'oneza:

"Mwanangu, safari hii utasikia yote, inshallah. Ila usilale darasani."

(Mliosoma na mimi, chekeni tu.)

Nikasema nifungiwe hicho kidogo.

Tulipotoka mama akaniuliza, "Kwani umesikia nilichosema?"

Leo sikumwambia arudie.