Maziwa Yalipomficha Mlinzi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na katika maabara yetu ya Homa Bay kitu kilichonichokoza kila wiki kilikuwa kopo la maziwa ya unga. Maziwa yale yalikuwa ya kazi. Lakini mwenzangu, mama wa Kijaluo na Msabato asiyegusa chai wala kahawa, kila ikifika saa nne alichota kijiko akatia kwenye uji wake.

"Hayo ni maziwa ya kazi!" ningemwambia.

"Na mimi hapa nafanya nini, si kazi?"

Leo namshukuru Mungu kwa ajili yake, uji na yote.

Tulikuwa tunachunguza saratani ya umio, njia ya chakula, ambayo huku kwetu imetunyang'anya watu wengi. Ndani ya seli zetu mna protini moja inayozuia uvimbe usikue. Mimi huiita mlinzi. Seli ikidhurika, mlinzi hubandikwa chembe ya fosfeti, na hiyo ndiyo kengele ya kumwamsha. Kumwona mlinzi si tabu. Tabu ni kujua kama alikuwa macho au alikuwa amelala. Kwa hilo tulikuwa na kingamwili iliyotengenezwa kutokana na damu ya sungura wa ng'ambo, imekuja katika kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Ilimshika mlinzi mwenye fosfeti tu. Aliyelala ilimpita.

Mwaka huo alikuja hospitali mama mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani, kutoka Sori. Alikuwa hawezi kumeza hata uji. Madaktari walipokuwa wakimpima, aliombwa atoe kipande kidogo cha uvimbe kwa ajili ya utafiti, akakubali. Nilipokwenda kukichukua alinishika mkono.

"Daktari," akaniita, ingawa mimi si daktari, "kwetu wanasema hii ni chira, eti nilivunja mwiko. Wengine wanasema nilijiachilia tu. Mimi nataka kujua kitu moja. Huu mwili yangu ilipigana, ama ilikubali tu?"

Nilimwahidi kwamba nitatazama. Mkubwa wetu aliniruhusu nimpe jibu, mradi nimweleze wazi kwamba halitabadilisha matibabu yake.

Kipande chenyewe kilikuwa kama punje ya mchele, na protini iliyotoka ndani yake ilitosha kupimwa mara mbili, basi. Kumrudisha mama yule akatwe tena kooni kwa sababu yetu, hilo hakuna aliyelifikiria.

Kupima kwenyewe ni hivi: protini huhamishiwa kwenye karatasi nyeupe, na kabla ya kumwaga kingamwili unaziba kwanza nafasi tupu za karatasi, isije ikanata ovyo. Sisi tulizibia maziwa. Kwa kingamwili zote tulizowahi kutumia, maziwa yalitutosha, na mimi ni Mkuria wa Kegonga, nimelelewa kwenye boma la ng'ombe. Kwetu maziwa hayashukiwi.

Karatasi ikatoka nyeusi yote, kama tako la sufuria. Nikalaumu umeme. Nikamlaumu sungura. Halafu nikamgeukia mwenzangu, nikamwambia ametia kijiko chenye sukari kwenye kopo. Hakukasirika. Aliiinua karatasi dirishani akaitazama kwa muda.

"Tumeziba na nini?"

"Maziwa, kama kawaida."

"Yawa!" Akajipiga kichwani. "Si maziwa yenyewe imejaa fosfeti! Hiyo kingamwili imeshika maziwa kila mahali. Huyo mlinzi wako sasa ataonekana aje?"

Kweli, protini kuu ya maziwa imebandikwa fosfeti tele. Mazoea yana taabu. Tulikuwa tumemfunika mlinzi kwa kitu chenye alama ile ile tuliyokuwa tukiitafuta.

Dawa yake ilikuwa kwenye friji yetu siku zote: protini iliyosafishwa kutoka damu ya ng'ombe, inayoziba vilevile lakini haina fosfeti.

"Mimi na damu hatusikizani," mwenzangu akasema huku akiipima. "Kitabu imekataza."

"Kwani nani amekuambia uinywe?"

Tulicheka, nami nikamkumbuka babu yangu akimfunga fahali kamba shingoni na kumtoboa mshipa kwa mshale mfupi, ili mama yangu aliyetoka kujifungua apate nguvu. Damu ile ilichanganywa na maziwa katika kibuyu kimoja. Nyumbani viwili hivyo havikuwahi kugombana. Hapa ilibidi nichague.

Tukarudia, mara ya pili na ya mwisho. Nikiiharibu hii, ningemwambia nini yule mama? Kuogesha, kusuuza, kungoja, kusuuza tena. Kisha picha ikatokea: karatasi safi, na pale pale palipostahili, mstari mmoja mweusi. Mimi mwenye hasira nikalia mbele za watu bila aibu. Nikamshukuru sungura, nikamshukuru ng'ombe, nikamwambia mwenzangu kwamba kopo la maziwa sasa ni lake, lote.

Nilimkuta mama nyumbani kwake Sori. Alikuwa ameshawekewa kibomba cha kuushikilia umio wazi, na uji ulikuwa unapita. Wifi yake, aliyekuwa wa kwanza kuitaja chira, alikuwa jikoni akiukoroga.

"Mama," nikamwambia, "mwili wako haukukubali tu. Mlinzi wako aliamshwa akaamka. Sikuambii alishinda, na matibabu ni yale yale. Lakini alikuwa macho. Nimemwona kwa macho yangu."

Alipapasa koo lake kwa vidole viwili.

"Kumbe," akasema, "hizo usiku zote nikisema niko peke yangu, kuna mtu ilikuwa macho na mimi."

"Alikuwepo, mama."

"Ero kamano, nyathina. Asante, mtoto wangu."

Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji mikononi, amesikia yote. Aliketi karibu naye mkekani, akaupuliza uji mpaka ukapoa, akampa. Mama akanywa polepole, nasi tukimtazama akimeza, hadi bakuli likaisha.