Hakujua amenichoma sindano gani

Jamani, sikilizeni.

Leo nilienda mtaa wa Gihosha kwa mama mmoja anayechoma sindano za makunyanzi nyumbani kwake. Binti yangu anaolewa, nami nikataka uso wa picha.

Akaweka chupa mbili ndogo mezani.

«Hii inalaza misuli, makunyanzi yanatulia. Hii inajaza mashavu. Unachagua gani, mama?»

Nikachagua ya kulaza. Akanichoma mara moja, juu kidogo ya nyusi, upande wa kulia.

Halafu akasimama, akiangalia zile chupa. Hakuna hata moja yenye maandishi!

Akamuita dada yake aliyekuwa jikoni: «Ile ya kujaza ni ipi?»

«Mi sijui. Si we ulizipanga?»

Nilitoka bila kuaga, viatu mkononi.

Niko kwa daktari wa ngozi sasa. Swali lake la kwanza: «Walikuchoma nini?»

Nimemwambia hata aliyenichoma hajui. Anasema ile ya kujaza ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kupofusha jicho.

Kila dakika chache ananifunika jicho la upande usiochomwa na kuniuliza naona vidole vingapi.

Mpaka sasa naona vyote.

Niombeeni. Na kama kuna aliyewahi kuchomwa, uliogopa hivi?