Ngazi ya Maneno kwenye Gunia

Nafundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi pale Mvara, mjini Arua. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la ukoo wa maneno: lipi liko juu, lipi liko chini yake. Vitabu havitoshi, kwa hiyo chati tunaziandika kwenye magunia. Juu kabisa niliandika "thing", yaani kitu chochote. Chini yake "food", chakula. Chini zaidi "cassava", muhogo. Watoto waliishuka ngazi hiyo wakiimba, nami nikavimba kichwa.

Kumbe mama yangu, kule kijijini kwetu Midia, alikuwa ameanza kuipanda.

Jumamosi moja nilitoka Arua hadi Koboko, nikachukua boda mpaka nyumbani. Mama alikuwa akimenya muhogo pamoja na wifi yangu, mke wa kaka, anayemtunza. "Peleka ile chakula jikoni," mama alimwambia. Neno muhogo lilikuwa limemtoka, yeye aliyelima muhogo maisha yake yote. Baada ya miezi michache chakula nacho kikamtoka. "Leta ile kitu," alisema, akionyesha sahani. Niliogopa, maana na mimi nina ngazi yangu kwake: jina langu, kisha "mtoto wangu", kisha "mtu". Jina alikuwa ameshalipoteza.

Nikaamua kumshusha tena ngazi hiyo kwa nguvu. Nililikunja lile gunia, nikalibeba hadi Midia, nikalitundika ukutani mbele ya mkeka wake.

"Wifi, wacha mama," wifi yangu alisema. "Yeye hapana mwanafunzi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilijigusa kifua kwa fimbo ya kuonyeshea. "Mama, mimi iko nani? Sema: mutoto yangu. Sema tena!" Nilitumia sauti yangu ya darasani, ile ya kunyamazisha watoto themanini.

Mama alijizoazoa, akasimama. Akabana visigino, akashusha mikono ubavuni. Alizaliwa katika kambi ya askari na akaolewa humo humo, na sauti ya namna hiyo anaijua.

"Ndiyo, afande," alisema.

Nilimkalisha, nikatoka nje, nikalia hadi wifi akanifuata. Sijapata kujichukia kama siku ile. Nilikwenda kumpa neno moja, nikamwachia woga.

Gunia siku hizi tunaanikia muhogo. Nimekata tamaa, lakini kila Jumamosi naenda, na nikifika husimama kidogo mlangoni, nimsikie atasemaje. Juzi aliinua uso, akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita wifi yangu aliyekuwa uani.

"Mutu iko mulango."

Niliingia, nikaketi karibu naye. Juu ya mtu limebaki neno moja tu, na kwenye gunia nililiandika juu kabisa, kwa mkono wangu.