Hodi Niliyoiruka

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Nilisimama uwanjani Korogwe mbele ya watu wengi kuliko niliowahi kuwaona pamoja, nikafungua mdomo, nikaimba vizuri kuliko siku zangu zote. Siku hiyo ndiyo ninayoijutia. Watu hudhani mzee hujutia siku aliyoshindwa. Mimi nilishinda, na mpaka leo sijapata pa kuuweka ushindi ule.

Umekuja kwangu hapa Magoma mara tatu na simu yako, unataka nikuimbie urekodi, ujifunze, upate cha kuimba Jumamosi hii utakaposimama Korogwe. Chai nimekupa, mihogo nimekupa, wimbo nimekunyima. Najua umeondoka ukisema bibi huyu mchoyo. Uchoyo ninao kidogo, sikatai, lakini siyo uliokunyima wimbo. Leo kaa nikueleze, na hiyo simu iweke chini kwanza.

Nilizaliwa Mazingara, kule Handeni, ambako maji ni kitu cha kufuatwa. Jirani yetu alikuwa Bi Mwajabu binti Mhina, mjane asiye na mtoto, mwembamba, mwenye ulimi mkali na jembe lisilopumzika. Yeye ndiye alikuwa mwimbishaji wetu. Kukiwa na harusi, anaitwa. Kukiwa na msaragambo, watu wamekusanyika kumlimia mwenzao shamba, anaitwa, maana akianza yeye kuimba watu husahau migongo yao. Siku tuliyosherehekea Uhuru aliimba tangu asubuhi mpaka sauti ikabaki mnong'ono. Mimi nilikuwa msichana wa kama miaka kumi. Nilimfuata mpaka kwake nikiwa nimeshika pindo la kanga yake, na aliponiuliza nataka nini, nikasema nataka kuwa kama yeye. Alicheka sana, akanipa kinu nitwange.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Bi Mwajabu aliniinamisha kwelikweli. Mwaka mzima hakunipa hata ubeti mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuitikia. Nikilalamika, ananijibu, "Sauti unayo, mwanangu. Masikio bado." Mwaka wa pili alianza kunipa nyimbo zenyewe, na darasa lake lilikuwa njia ya lambo, bwawa tulikoteka maji. Kwenda tulikwenda kimya. Kurudi, debe la maji kichwani, ndipo aliponiambia niimbe. Maji yakinimwagikia mgongoni anasema, "Umepumua mahali pasipo pumzi. Rudi mwanzo." Niliimba hivyo miaka na miaka, mpaka nikawa naweza kuupanda mlima wa kwetu na debe limejaa bila kupoteza tone, na wimbo haujakatika. Hiyo pumzi mnayonisifia nyinyi vijana ilitoka pale.

Jambo moja lilikuwa juu ya yote. Mwimbaji wetu akisimama, haanzi wimbo. Anaanza na hodi. Anasema kwa kuimba kwamba hakuja mwenyewe, ametumwa na fulani, naye huyo fulani alitumwa na fulani. Na kama aliyemfundisha yupo pale, huyo hujibu kutoka alipokaa, neno moja tu: "Pita." Hapo ndipo ngoma zinaingia. Hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kumjibia. Bi Mwajabu alinitungia hodi yangu mwenyewe, nami niliikariri kabla sijajua wimbo hata mmoja:

Hodi hodi wenye uwanja, sikuja kwa miguu yangu,
Nimetumwa na Mwajabu, yeye katumwa na Mwanamkasi.

Mwanamkasi alikuwa shangazi yake, marehemu zamani. Bi Mwajabu aliniambia kwamba siku ya kwanza yeye kusimama harusini, shangazi alimjibu "Pita" kwa sauti kubwa hata mbuzi wakashtuka. Alilisimulia hilo mara nyingi, na kila mara macho yalimlowa. Mimi nilikuwa naitikia tu, ndiyo bibi, ndiyo bibi, kama vijana wanavyoitikia.

Ikaja miaka ya vijiji. Wazazi wangu walihamia kijiji kipya pamoja na wengine. Bi Mwajabu alibaki kule kwenye shamba lake la zamani. Hakuwa mpinzani wa mtu. Alisema ujamaa ni jambo zuri, yeye mwenyewe amewalimia watu bure maisha yake yote, ila kaburi la mumewe halina miguu. Wakubwa hawakupenda jibu lile. Walimwacha, lakini jina lake likawa jina la kutajwa chini chini.

Mimi kule kijijini nikaundiwa kikundi. Aliyekiunda alikuwa afisa utamaduni mmoja, kijana wa suruali pana, mwenye bidii na maneno mengi. Huyu naye alinijenga, siwezi kumnyima haki yake. Alinifundisha kusimama mbele ya watu nisiowajua, na kumaliza wimbo kabla hawajachoka. Bila yeye ningeimba mashambani mpaka kufa. Akatuandaa kwa mashindano ya ngoma Korogwe, na mimi, bila kufikiri mara mbili, nikachukua sauti ya wimbo wa Bi Mwajabu wa kupalilia, nikabadili maneno, nikatia shamba la kijiji na jembe la pamoja. Kila kipando na kila kishuko cha sauti kilikuwa chake.

Nilipeleka habari kwake kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilimwambia, "Bibi, nitakupigia hodi Korogwe." Akauliza ni siku gani.

Asubuhi ya mashindano afisa akaja kwangu na saa yake mkononi. "Mwanaidi, kila kikundi dakika tano. Nyinyi mmezidi. Kata pale mwanzoni."

"Pale mwanzoni ni hodi."

"Hodi ya nini tena, na mmealikwa? Halafu huyo mnayemtaja si yule bibi aliyekataa kuhamia?"

"Ndiye."

"Basi kazi kwako. Mimi nimekwambia dakika tano."

Akaenda zake kwa kikundi kingine. Sikiliza vizuri hapa, mwanangu, maana kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba afisa alinikataza. Hakunikataza. Aliniambia nipunguze. Ningeweza kukata ubeti wa nne, ambao hata haukuwa na maana, na hodi ikabaki. Niliogopa kidogo kulitaja jina la Bi Mwajabu mbele ya wakubwa, hilo kweli. Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho nilikijua palepale, na ndicho kinachonitia aibu. Nilitaka watu wale wote wadhani kwamba nimejiotea mwenyewe, sikufundishwa na mtu.

Tulipoingia uwanjani nikamwona. Alikuwa mbele kabisa, kwenye kamba, na wanawake wawili majirani zake wa Mazingara. Walikuja na lori la mahindi mpaka Segera, kisha wakatafuta basi. Alivaa kanga mpya. Nilipoinua uso, alimpa jirani yake mkoba amshikie, akasimama, akaweka mikono pembeni, akatega sikio. Mdomo wake ulikuwa tayari umefunguka kidogo.

Nikaanza na wimbo.

Ngoma zikaingia, kikundi kikaitikia, watu wakapiga makofi wakati wimbo haujafika hata nusu. Bi Mwajabu alibaki amesimama ubeti wa kwanza wote na wa pili. Nadhani alifikiri labda nimeihamisha hodi, itakuja mbele. Katika ubeti wa tatu alichukua mkoba wake kwa jirani, akakaa. Niliyaona hayo yote na sauti yangu haikutetereka hata kidogo, maana alikuwa amenifundisha yeye kutomwaga maji.

Tulikuwa wa kwanza. Walitupa redio ya kijiji, na mimi nikachaguliwa kuingia kikundi cha ngoma cha mkoa. Nilipomaliza kushikwa mikono na wakubwa nikamtafuta kwenye kamba. Hakuwepo. Nilijiambia amewahi usafiri, na nikaona vyema, maana sikujua ningemwambia nini.

Mmoja wa wale majirani ndiye aliyekuja kunisimulia baadaye ilivyokuwa njiani. Walipopanda basi, mwenzake alisema, "Mwajabu, si ulituambia utaitwa?" Kwa maana wiki nzima alikuwa amewaambia watu wote wa Mazingara kwamba Korogwe jina lake litapigiwa hodi. Wengine hata hawakuwa wameamini kwamba ndiye aliyenifundisha, na sasa alionekana mwongo. Alijibu, "Amesahau tu. Watu wakiwa wengi humsahaulisha mtu." Basi, alinitetea. Nimefiwa na watu wengi katika maisha yangu, lakini hakuna neno linaloniliza kama hilo.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilizunguka na kile kikundi karibu mwaka mzima, Tanga, Dodoma, Morogoro, nikisifiwa kila mahali, na kila nilipopata likizo nilikuwa na sababu ya kutofika Mazingara. Siku nilipojikaza kwenda, nilibeba doti ya kanga na kilo mbili za sukari, kana kwamba nadaiwa sukari. Nilimkuta anapukuchua mahindi kwenye ungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Kaa."

Tukapukuchua pamoja. Mwisho nikaanza kumwambia habari za dakika tano. Hakuniacha nifike mbali.

"Nyimbo sikudai," alisema. "Nyimbo nilikupa, ni zako, zibadili unavyotaka. Mimi nilitaka kusema neno moja tu, Pita. Nilikuwa nalisema njia nzima kwenye lori, kimoyomoyo, ili siku ikifika lisikwame. Sasa limekwama humu." Akajigusa kooni, akaendelea na mahindi.

Nililia, nikamwomba radhi, akasema amenisamehe, na naamini alinisamehe. Aliniacha nilale kwake na akanisongea ugali. Lakini kulikuwa na nyimbo alizoniahidi tangu zamani, zile kubwa za mavuno alizopewa na Mwanamkasi, ambazo mtu hapewi mpaka amepiga hodi yake mbele ya watu na kujibiwa. Asubuhi tulipokwenda lambo nikamwomba anianzishie mmoja. Alijaribu, mwanangu, hakuninyima. Aliuanza, mistari mitatu, kisha akasimama njiani na debe kichwani, akameza mate, akaanza tena, akasimama tena palepale. "Haupiti," akasema. Tukatembea kimya mpaka nyumbani.

Mistari mitatu hiyo ninayo. Kilichofuata baada yake hakuna anayekijua, Mazingara wala duniani.

Nikaapa kwamba mashindano yanayokuja nitampigia hodi mara mbili, tatu, hata wanifukuze. Hayakufika. Kabla ya masika mengine habari ilinikuta safarini, na nilipofika kaburi lilikuwa limeshakauka juu, pembeni ya lile la mumewe. Siku ya arobaini, watu walipomaliza kusoma dua, nikasimama pale uani nikapiga hodi. Hodi hodi wenye uwanja, nimetumwa na Mwajabu. Nikanyamaza kusubiri. Yule jirani aliyemshikia mkoba alifungua mdomo kwa huruma, halafu akaufumba, maana alijua siyo nafasi yake. Uani kulikuwa na watu wengi na hakuna aliyesema kitu. Nikaimba ile mistari mitatu, nikakaa.

Tangu siku hiyo sijaimba popote bila kuanza na hodi. Nikimaliza kumtaja nanyamaza kidogo, kisha naingia. Wapiga ngoma wangu wa kwanza walidhani nimesahau maneno. Wa sasa wamezoea, wanadhani ni mtindo wangu. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu amekua mpaka amenizidi umri.

Nasaha yangu ni hii. Aliyekufundisha, mtaje akiwa na masikio ya kusikia. Usingoje hotuba ya maziko, maana kule anayesifiwa hayupo na wanaopokea sifa ni jamaa. Kama unaimba, sema nani alikupa pumzi. Kama unaandika, kama unachonga, kama unafinyanga, mtaje hata yule aliyekukemea ukamchukia, maana akupigaye ndiye akufunzaye. Mtaje hata kama jina lake limechafuka kwa wakubwa, tena hapo ndipo umtaje wazi. Na ukiambiwa muda ni mfupi, kata maneno yako mwenyewe. Mbele za watu utatamani uonekane umejiotea kama uyoga. Ukiona tamaa hiyo imekuingia, jua ndiyo ile iliyoniingia mimi Korogwe, na usiamini kwamba ni dakika tano.

Sasa unaelewa kwa nini nilikunyima. Nilitaka uanze na hodi, nami nilishindwa kukufundisha bila kukusimulia haya. Leo nakupa vyote viwili, hodi na wimbo. Utasema umetumwa na Mwanaidi, naye katumwa na Mwajabu, naye Mwajabu katumwa na Mwanamkasi. Usimpunguze hata mmoja.

Jumamosi ukisimama pale Korogwe, usimtazame mwenye saa. Mimi nitakuja, hata kama ni kwa kubebwa kwenye pikipiki, na nitakaa mbele. Mwenyezi Mungu akupe sauti isiyokauka na masikio yanayoitangulia sauti. Akupe umri wa kufundisha wako, na wao wakuite kwa jina lako mbele za watu, ungali unasikia. Akiniweka hai mpaka siku hiyo, lile neno lililokwama kwa Bi Mwajabu nitalitoa mimi kwa ajili yako. Nimeanza kulisema kimoyomoyo tangu juzi, ili siku ikifika lisikwame. Pita, mwanangu. Pita.