Chai ya Mzee Chong

Mzee Chong Sin Fat alikufa akiwa na miaka tisini na miwili, na mpaka anakata roho hakuwa amemwambia binti yake kwa nini alimharibia maisha. Nyuk Lan alimwogesha, alimlisha uji wa mchele, alimsomea barua zilizotoka kijijini kwao China. Kila asubuhi alingoja neno moja tu. Mzee akafa nalo.

Sifa zake ni nyingi na hakuna anayebisha. Alishuka melini Port Elizabeth akiwa kijana, akafungua kiduka mtaa wa South End, akauza nusu mkate, mafuta ya taa kwa kikombe na samaki wa kukaanga. Miaka saba alilala chini ya kaunta. Serikali ya makaburu ilipowafukuza watu South End kwa ajili ya rangi zao, duka likabomolewa mbele ya macho yake. Hakulia. Aliokota kufuli la mlango, akaenda kuanza upya kwingine. Watu wanamsifia ugumu huo mpaka leo. Haya, waendelee kumsifia. Hawakuishi nao nyumba moja.

Nyuk Lan alikuwa na miaka ishirini na miwili alipompenda Liau Kim Sen, mtoto wa muuza mboga wa mtaa wa pili, kijana mcheshi mwenye masikio makubwa. Kwa Wachina wa pale katazo lilikuwa moja: huolewi na mtu wa jina la ukoo wako. Hata kama kwao ni mwisho wa dunia, huyo ni ndugu yako. Basi Nyuk Lan akamwendea baba yake kifua mbele.

"Mimi Chong, baba, yeye Liau. Kosa liko wapi?"

"Nimesema hapana."

"Kwa sababu ni maskini?"

"Kwani sisi matajiri? Funga mdomo, upange sabuni."

Kim Sen alikuja dukani mara moja tu baada ya hapo. Alinunua kiberiti, hakumtazama usoni, akaondoka. Mwaka huohuo akahamia Cape Town, akaoa huko. Nyuk Lan alipanga sabuni miaka arobaini na minne, wala hakuolewa.

Siku ya mazishi ukumbi ulijaa. Mbele ya jeneza palikuwa na kuku wa kuchemsha, nyama ya nguruwe na vikombe vitatu vitupu. Mtoto mkubwa ndiye humimina chai na kumwita marehemu kwa jina, na anayeitwa ndiye anayekuja kunywa. Mzee mwenyewe hakuwa na mchezo na jambo hilo. Kila siku ya kusafisha makaburi aliweka kikombe cha ziada pembeni, akakinong'onezea. Ukimuuliza ni cha nani, anakwambia cha mpita njia.

Ndipo akaingia Kim Sen, mvi tupu, masikio yaleyale. Mkononi alikuwa amefunga kitambaa cheusi cha wafiwa. Hakwenda kukaa na wageni. Alisimama kwenye mstari wa familia, akainama mara tatu mbele ya jeneza, akasema, "Safiri salama, baba mkubwa." Kisha akamgeukia Nyuk Lan.

"Pole, dada."

Nyuk Lan alimvuta pembeni.

"Umeniitaje?"

"Baba yako alikuwa Liau," Kim Sen alisema kwa sauti ya chini. "Chong Sin Fat ni kijana aliyekufa kijijini kabla ya safari. Kibali chake cha kuingia nchi hii kilikuwa tayari, baba yako akasafiri nacho. Ulipomtajia jina langu, alikuja kwetu akampigia baba yangu magoti. Tukaapishwa. Neno likitoka nje, mnarudishwa China nyote."

"Na makaburu walipoondoka madarakani? Miaka kumi na mitatu sasa. Nani angemrudisha?"

Kim Sen alikuna sikio. "Nilimuuliza kwenye simu. Akasema umeshazeeka, ukijua itakusaidia nini."

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi akina Liau wote."

Kumbe ukoo mzima ulijua, wakubwa kwa wadogo, na aliyefichwa ni yule mmoja aliyeumia. Nyuk Lan alirudi mbele ya jeneza. Mdogo wake wa kiume, ambaye hakuwa amesikia mazungumzo hayo, akamletea birika.

"Dada, watu wanangoja."

Akamimina kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Halafu akaita kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Chong Sin Fat, njoo unywe chai."

Kim Sen akamsogelea. "Dada, hilo si jina lake. Hiyo chai haitamfikia."

"Najua," alisema Nyuk Lan, akaweka birika chini.