Holihoki za Altareni

Mke wangu akisikia nasimulia hili atatoka jikoni na mwiko, lakini aibu ni yangu na nitaisema mwenyewe.

Mwanangu aliniletea pakiti ya mbegu za holihoki, maua yanayorefuka kumpita mtu, picha yake tu inakufanya utabasamu. Nyuma kulikuwa na maelezo ya Kiingereza, nikayasoma (nina kidato cha nne, msinicheke), nikafika kwenye neno moja gumu nikaliruka. Moja tu! Kisha nikamtangazia mke wangu Veronika, kiongozi wa akina mama wa kigango chetu hapa Nyamahanga, kwamba askofu akija kutoa kipaimara, altare itapambwa kwa maua yangu. Naye akawaambia wenzake wasihangaike, maua yapo kwa mzee.

Nikasia, nikamwagilia, nikafukuza kuku miezi mitano. Majani yakaja mapana kama ya maboga, yakalala chini, basi. Kila nikiulizwa najibu, "Yanajipanga." Zilipobaki siku mbili nikapanda bodaboda hadi Lusahunga, nikanunua maua ya plastiki, nikayafunga kwenye fito na kuzichomeka katikati ya majani, na ukiyatazama kwa mbali (Mungu anisamehe) yalipendeza.

Nilipanga kuyakata mwenyewe Jumapili alfajiri. Akina mama wakaja Jumamosi mchana, na visu na ndoo za maji.

"Shikamoo mzee! Hongera!"

"Marahaba, marahaba, msiyaguse, nimeyapulizia dawa!"

Mama Eliza, mwalimu mstaafu, alishavuta moja. Likaja na waya, na utepe wa zambarau ukaning'inia.

"Yezu we! Mzee, umemvua marehemu gani?"

(Ndiyo, dukani yalibaki ya mashada ya msiba tu, na utepe mmoja nilisahau kuutoa.) Wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikatoa pakiti nijitetee, Mama Eliza akaisoma kwa sauti, na lile neno nililoliruka likafafanuka: mwaka wa kwanza majani, maua mwaka wa pili.

Veronika hakucheka. Askofu anakuja kesho na altare haina hata ua moja. Akawageukia wenzake, "Msimlaumu mzee, niliyewaahidi ni mimi."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kicheko chote. Kisha akanipa ndoo, twende tukaombe maua nyumba kwa nyumba, na sharti lake lilikuwa moja: kila mlango nieleze mimi, kwa kinywa changu, kwa nini tumekuja. Nikaeleza. Altare ilijaa, na tangu siku ile neno nisilolijua nauliza palepale, hata kwa mtoto wa darasa la tatu.